Deni lipi lilipwe kwanza? Ulinganisho wa lieni zinazokaa juu ya nyumba Marekani

Mwenye nyumba aliyebanwa na madeni kule Marekani mara nyingi humlipa anayempigia simu zaidi. Wakala wa madeni ya kadi za mkopo anapiga asubuhi, anapiga tena jioni, anatisha. Kaunti, yaani serikali ya eneo lake, nayo inatuma barua moja tu, ya maneno makavu, kwamba kodi ya mali ya mwaka huu haijalipwa. Barua inawekwa kando, na hela kidogo iliyopo inakwenda kwa mwenye simu. Mpangilio huo nataka kuupindua hapa, kwa sababu kati ya hao wawili, aliyenyamaza ndiye mwenye njia fupi ya kuipeleka nyumba mnadani.

Lieni ni dai la deni lililoandikishwa juu ya nyumba yenyewe. Nyumba inabaki kwa jina lako, unalala humo, unaipaka rangi utakavyo, lakini siku ukitaka kuiuza au kuikopea, kampuni inayopekua hati italikuta dai hilo, na shughuli itasimama mpaka dai liondolewe. Wengi hulitafuta mahali pasipo. Tangu 2017 na 2018 kampuni kubwa za taarifa za mikopo za Marekani ziliacha kuonyesha hukumu za madai na lieni za kodi, basi mtu anatazama ripoti yake ya mikopo, haoni kitu, anashusha pumzi. Ripoti safi haimaanishi nyumba safi. Pa kutazama ni ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, chini ya jina lako na chini ya anwani ya nyumba.

Katika kulinganisha, kiasi cha deni ni jambo la baadaye. Kwanza nauliza kama mdai huyu anaweza kulazimisha nyumba iuzwe, na atapita hatua ngapi kabla ya kufika huko. Kisha nauliza nyumba ikiuzwa atasimama wa ngapi kwenye foleni ya malipo. Halafu nauliza muda unamsaidia nani, yeye au mimi.

Kwenye foleni, kanuni ya kawaida ni kwamba aliyeandikisha mapema hulipwa mapema. Kodi ya mali haimo katika kanuni hiyo. Inaruka mbele ya wote, hata mbele ya benki iliyoandikisha mkopo wake miaka 20 iliyopita.

Mkopo wa nyumba na kodi ya mali

Hawa ndio wawili wenye nguvu kweli, na watu huwaogopa kinyume. Benki inaogopwa zaidi, ilhali kwa mkopo wa nyumba unayoishi sheria ya shirikisho inakupa nafasi: kwa kawaida msimamizi wa mkopo haruhusiwi kuanzisha hatua za kuuza nyumba mpaka marejesho yawe yamechelewa zaidi ya siku 120. Ukiwasilisha maombi kamili ya kusaidiwa ndani ya muda huo, anatakiwa ayapitie kwanza kabla ya kuendelea. Baada ya hapo inategemea jimbo. New York, New Jersey na Florida benki lazima ipite mahakamani, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu. Texas na Georgia haihitaji hakimu; taarifa zikishatolewa na siku zikatimia, mnada unafanyika. Anayeishi Georgia asijipangie kwa kufuata hadithi ya ndugu yake wa New York. Ni nchi moja, lakini saa zinazohesabiwa ni mbili tofauti.

Kodi ya mali ina taratibu nyingi kuliko hizo. Majimbo kama Florida, Arizona na New Jersey huuza deni lenyewe: mwekezaji analipa kodi yako, anapewa cheti, na wewe unamlipa yeye pamoja na riba. Florida riba ya cheti hicho inaweza kufika asilimia 18 kwa mwaka, na baada ya miaka 2 mwenye cheti anaweza kuomba nyumba ipigwe mnada. Texas huuza nyumba yenyewe. Kama ni ya makazi, una miaka 2 ya kuikomboa, lakini kwa nyongeza ya asilimia 25 juu ya alicholipa mnunuzi ukikomboa mwaka wa kwanza, na asilimia 50 ukiingia mwaka wa pili. Ni adhabu ambayo mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kawaida hawezi kuibeba.

Aliye hatarini zaidi hapa ni yule anayedhaniwa kuwa salama: mzee aliyemaliza mkopo wake, au watoto waliorithi nyumba isiyo na deni. Mkopo ukiwapo, mara nyingi benki hukusanya kodi ya mali ndani ya marejesho ya kila mwezi na kuilipa yenyewe. Hata pale isipokusanya, ikiona kodi imelala italipa na kukudai, maana haitaki kaunti iipite kwenye foleni. Mkopo ukiisha, mlinzi huyo ameondoka. Bili inakuja moja kwa moja kwa mtu ambaye kwa miaka 30 hajawahi kuilipa kwa mkono wake, au inatumwa kwa jina la marehemu.

Kesi ya Geraldine Tyler inaonyesha deni hili linavyokua. Alikuwa na nyumba ya ghorofani Minneapolis, akaihama uzeeni, kodi ikalala. Deni la kodi lilikuwa kama dola 2,300. Riba, adhabu na gharama zikalifikisha karibu dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaichukua nyumba, ikaiuza dola 40,000, na ikabaki na fedha zote, pamoja na dola 25,000 zilizozidi deni. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote kwa kauli moja, kwamba serikali haina haki ya kubaki na ziada hiyo. Bibi Tyler alikuwa na miaka 94. Uamuzi huo ni mkubwa, lakini haumrudishii mtu nyumba. Unampa haki ya kinachobaki baada ya mnada, na mahali pengi lazima mwenyewe aombe, tena kabla ya tarehe fulani.

Kwa hiyo ukiwa na fedha za deni moja tu kati ya haya mawili? Kama marejesho ya mkopo yamechelewa mwezi mmoja na kodi ya mali inakaribia tarehe ya mnada, lipa kodi. Kama vyote ni vichanga, mpigie simu msimamizi wa mkopo leo na uende kaunti kesho yake, kwa kuwa kaunti nyingi hukubali malipo ya awamu, na yapo majimbo yenye nafuu kwa wazee na walemavu. Texas, kwa mfano, mwenye miaka 65 anaweza kuomba kodi ya nyumba anayoishi iahirishwe. Nafuu za namna hii hazijileti zenyewe. Zinaombwa kwa fomu, na nimesikitika kila ninapokuta familia iliyostahili nafuu haijawahi kuambiwa kwamba ipo.

IRS na mwenye hukumu ya mahakama

Kwenye karatasi IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ndiye mdai wa kutisha kuliko wote. Ikishakadiria kodi, ikakutumia bili, na wewe usilipe, lieni yake inashika kila ulichonacho na utakachopata baadaye, bila kwenda mahakamani. Kwa kawaida haiandikishi taarifa ya lieni kwa deni lililo chini ya dola 10,000, lakini ikiandikisha, kila mkopeshaji ataiona. Kinga ambazo kwingine humlinda mwenye nyumba, mbele ya IRS hulegea. Mwaka 2002, katika kesi ya Craft kutoka Michigan, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba lieni ya kodi ya mume inashika haki yake katika nyumba ya mke na mume, ingawa sheria ya jimbo isingemruhusu mdai wa kawaida wa mmoja wao kuigusa.

Lakini nyumba unayoishi haiiuzi kirahisi. Ikitaka kuikamata lazima hakimu wa shirikisho aidhinishe, na kama deni halizidi dola 5,000 hairuhusiwi kabisa. Itakimbilia mshahara na akaunti ya benki kwanza. Muda wake una mwisho pia: miaka 10 tangu kodi ilipokadiriwa, ingawa yapo mambo yanayosimamisha hesabu, kama kufungua shauri la kufilisika. Kubwa zaidi ni kwamba IRS ina milango iliyo wazi, yenye namba za fomu. Ukitaka kuuza nyumba, unaomba iiachilie nyumba hiyo kwa fomu 14135. Ukitaka kupata mkopo mpya wenye riba nafuu, unaomba ikubali kusimama nyuma ya benki mpya kwa fomu 14134. Ukiwa na deni la dola 25,000 au chini yake, ukaweka mpango wa kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti, unaweza kuomba taarifa ya lieni iondolewe kabla hata deni halijaisha, kwa fomu 12277. Ni wadai wachache sana wanaokupa njia tatu namna hiyo.

Mwenye hukumu ni kinyume chake. Kampuni ya kadi au hospitali haina chochote juu ya nyumba yako mpaka ikushtaki na ishinde. Tatizo ni kwamba mara nyingi hushinda kwa sababu mdaiwa hakujitokeza. Samansi inafika, mtu anaona aibu au anadhani kwa kuwa deni ni lake kweli hana la kusema, siku zinapita, hukumu inatolewa bila yeye. Jibu samansi, hata kama unadaiwa. Huenda kiasi si sahihi, huenda deni limepitwa na muda wa kushtakiwa, huenda kampuni iliyolinunua haina karatasi za kuthibitisha. Jibu la maandishi huilazimisha kampuni kuthibitisha dai lake, na ndipo wengi hukubali kupunguza.

Ikishaandikishwa, lieni ya hukumu ina subira. California inadumu miaka 10 na inaweza kuongezwa. Florida ni miaka 10, ikiongezwa haizidi 20. Riba inaendelea kuhesabiwa muda wote huo. Lakini uwezo wake wa kukutoa ndani ya nyumba hutegemea kinga ya nyumba ya makazi, yaani sheria inayowazuia wadai kuiuza nyumba unayoishi, katika jimbo lako. Texas na Florida kinga hiyo haina kikomo cha thamani, ina kikomo cha ukubwa wa ardhi tu: Florida ni nusu eka ndani ya mji na eka 160 nje ya mji. Mdai wa kadi huko anaweza kusubiri maisha yake yote asiiuze nyumba ya makazi. Majimbo mengine yanakinga kiasi fulani cha thamani, na mengine kinga yake ni ndogo kiasi kwamba usiitegemee. Na popote ulipo, kinga hii haikusaidii mbele ya benki iliyokukopesha kununua nyumba, mbele ya kodi ya mali, wala mbele ya fundi aliyeijenga.

Ndiyo maana deni la kadi naliweka mwisho. Ni deni halali, lakini mdai wake ana mlima mrefu kuliko wote kabla ya kufika mlangoni kwako, na ndiye aliye tayari zaidi kupokea pungufu. Ukimtokea na fedha za mkupuo kwa sehemu ya deni, atakusikiliza. Makubaliano yawe kwa maandishi kabla hujatuma hata dola moja, na yaseme wazi kwamba lieni itafutwa.

Fundi, na chama cha wamiliki

Lieni ya fundi ni ya zamani: sheria ya kwanza ya aina hiyo Marekani ilipitishwa Maryland mwaka 1791, ili mafundi wavutike kwenda kuujenga mji mkuu mpya. Ninaitetea sheria hii, kwa kuwa aliyeezeka paa hawezi kulibandua akaondoka nalo. Ila kwa mwenye nyumba ina mtego mmoja mbaya: unaweza kumlipa mkandarasi mkuu kila senti, yeye asimlipe fundi wa umeme au duka la mbao, na hao wakaandikisha lieni juu ya nyumba yako. Utalipa mara mbili.

Tofauti yake na hukumu iko kwenye saa. Fundi anaandikisha kwanza, kesi inafuata, lakini muda wake ni mfupi mno. California kwa kawaida ana siku 90 tangu kazi ikamilike kuandikisha, kisha siku 90 nyingine kufungua kesi. Asipofungua, lieni haina nguvu tena. Florida ana siku 90 tangu siku ya mwisho ya kazi au kuleta vifaa, halafu mwaka mmoja wa kushtaki, na mwenye nyumba anaweza kuandikisha taarifa ya kupinga itakayoupunguza mwaka huo kuwa siku 60. Kwa hiyo hapa, tofauti na kodi, usikimbilie kulipa. Soma tarehe kwanza. Kama muda umepita, unaomba lieni ifutwe. Kama haujapita na dai ni la uongo, unaweza kuweka dhamana ya bondi ili dai lihamie kwenye bondi na nyumba iwe huru kuuzwa. Kama dai ni la kweli, lipa mapema kabla gharama za wakili hazijaingia.

Na kwa ambaye hajaanza ujenzi, kila awamu ya malipo iende sambamba na karatasi ya kuachia haki ya lieni, iliyosainiwa na mkandarasi na kila fundi mdogo na muuza vifaa aliyehusika. Mkandarasi akikasirika kwa kuombwa karatasi hiyo, ni vizuri umejua mapema.

Chama cha wamiliki wa nyumba, kile kinachokusanya michango ya mtaa au jengo, nitakipitia haraka, ingawa si wa kupuuzwa. Michango yake ni midogo ndiyo maana watu huiacha, kisha wanashangaa kwamba chama kina uwezo wa kuuza nyumba. California hakiwezi kufanya hivyo mpaka michango ifike dola 1,800 au ichelewe zaidi ya miezi 12. Nevada kimepewa nguvu kubwa zaidi: michango ya miezi 9 hulipwa kabla ya benki, na mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilithibitisha kwamba mnada wa chama unaweza kufuta lieni ya benki. Kwa deni dogo kiasi hiki, limalize.

Kuuza, kukopa upya, au kufilisika

Madeni yakiwa mengi kuliko mshahara, swali linabadilika. Sasa unachagua mlango wa kutokea.

Kuuza ni mlango ulio safi kama nyumba ina thamani kubwa kuliko jumla ya madeni. Huhitaji kulipa kwanza ndipo uuze. Siku ya kukamilisha mauzo, kampuni ya hati inamlipa kila mdai kutoka kwenye fedha za mnunuzi, wewe unapewa kinachobaki. Wengi hungoja mpaka tangazo la mnada, ilhali nyumba ikiuzwa na mwenyewe kwa utulivu, kwa kawaida huleta zaidi ya inayouzwa mnadani. Uchungu wa kuondoka naufahamu. Lakini kuondoka na akiba mkononi si sawa na kuondoka ukiwa mikono mitupu.

Kukopa upya juu ya nyumba ili kulipa kadi kunapendwa sana na kunanitia hofu. Riba inashuka, ndiyo. Lakini tazama kilichotokea: deni ambalo mdai wake angehitaji kesi, hukumu, na pengine asifue dafu mbele ya kinga ya makazi, umeligeuza kwa saini yako kuwa deni linaloweza kuiuza nyumba baada ya siku 120 za kuchelewa. Ni sawa kwa mtu mwenye kipato cha uhakika ambaye ameshaziacha kadi. Kwa ambaye kazi yake inayumba, hapana.

Kufilisika kuna njia mbili zinazochanganywa sana. Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika hufuta wajibu wako binafsi wa kulipa, lakini lieni hubaki juu ya nyumba. Mtu anatoka mahakamani akidhani ameshamalizana, miaka baadaye anauza nyumba na kuikuta lieni palepale. Ipo nafuu: lieni ya hukumu inayokula kwenye kinga ya nyumba ya makazi inaweza kuondolewa, ila lazima iombwe mahsusi, na haiwagusi IRS, kaunti wala fundi. Sura ya 13 haifuti haraka, inakupa mpango wa miaka 3 hadi 5 wa kulipa malimbikizo huku unaendelea na marejesho ya kawaida, na kuifungua kwa kawaida husimamisha mnada. Kwa mwenye kipato anayetaka kubaki kwenye nyumba, Sura ya 13 ndiyo ya kuzungumza na wakili.

Kabla ya wakili, zungumza na mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani. Ushauri wa kuzuia mnada hutolewa bure. Anayekuja mlangoni akiahidi kuokoa mkopo wako na kudai alipwe kwanza, mkatalie: sheria ya shirikisho inazikataza kampuni za namna hiyo kupokea malipo kabla hazijakuletea makubaliano ya mkopeshaji nawe ukayakubali.

Mlango wowote utakaochagua, kulipa peke yake hakuifuti lieni kwenye vitabu. IRS inatakiwa kuiachilia ndani ya siku 30 baada ya deni kulipwa. Wadai wengine hufuata muda wa jimbo, na wapo wanaosahau. Dai hati ya kuachiliwa, hakikisha imeandikishwa katika ofisi ileile ya kaunti ilikoandikishwa lieni, na uombe nakala yenye muhuri na namba ya usajili. Kampuni iliyokudai inaweza kufungwa au kununuliwa, na ukingoja mpaka siku ya kuuza, huenda usimpate wa kusaini.